Nani Apewe Nafasi?

Somo: Matendo 15:36-40, Luka 15:25-32, Filemoni 18-19

Kuna swali ambalo limezunguka kwenye kamati ya vijana, na naona linafaa kuwafikia washirika wote. Tuna walezi 12 waliojitolea kushika mkono vijana wa kiume wa mtaa huu. Vijana wanaohitaji ni wengi kuliko hapo. Nani apewe nafasi? Yule anayefika kesha kila Ijumaa, ama yule anayesimama pale steji usiku na hatujui anangoja nani?

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na mtu wa biashara hujibu haraka: weka pesa mahali zitazaa. Chagua kijana mwenye bidii, mwenye cheti cha kidato cha nne, ambaye mzazi wake huja mkutanoni. Mwisho wa mwaka utakuwa na picha nzuri ya kubandika ukutani. Makanisa mengi ya mjini hufanya hivyo bila hata kukusudia, kwa sababu fomu yenyewe ndiyo inayochagua. Inataka sahihi ya mzazi, kumbe baba alienda zamani na mama yuko zamu ya usiku. Inataka barua ya kiongozi wa ushirika wa nyumbani, na kijana hana ushirika. Kabla hata hatujaomba, aliye hatarini zaidi ameshatoka kwenye orodha.

Hata kwa biashara hiyo ni hesabu mbaya. Faida haipimwi kwa kuangalia mwisho peke yake. Unauliza: bila mimi ingekuwaje? Kijana ambaye angefika hata bila mlezi, umemwongezea nini hasa?

Jambo hili limepimwa. Kule Monrovia, Liberia, miaka kadhaa baada ya vita, watafiti na shirika la pale pale waliwatafuta vijana 999 waliokuwa wakiiba, wakiuza dawa za kulevya na kuishi kwa ngumi. Kwa kura, wengine walipata wiki 8 za vikao vya kujifunza kutawala hasira na kupanga kesho, wengine dola 200, wengine vyote viwili, na wengine hawakupata kitu. Wengi wa walioongoza vikao walikuwa wametoka maisha hayo hayo, na waliwatembelea vijana mahali walipoishi. Pesa peke yake haikuleta badiliko la kudumu. Lakini baada ya miaka 10, kwa waliopata vyote viwili, wizi na vurugu vilikuwa vimepungua karibu nusu, ukilinganisha na wale wasiopata kitu. Na waliobadilika zaidi ni wale ambao mwanzoni walikuwa wamezama zaidi.

Sitaki lakini tuchague kwa takwimu peke yake, maana siku zikigeuka tutawaacha. Tazameni Marko. Aliwaacha wenzake Pamfilia katikati ya kazi. Safari nyingine ilipofika, Paulo alikataa kwenda naye, na kusema kweli meneja yeyote angemuunga Paulo mkono. Barnaba akasimama na kijana mpaka wale watumishi wawili wakatengana, naye akamchukua Marko wakapanda meli kwenda Kipro. Miaka baadaye, kwenye barua ya pili kwa Timotheo, ni Paulo mwenyewe anayeomba Marko aletwe, ati anamfaa.

Ukiunganisha mistari utaona kitu ambacho sisi hupita haraka. Wakolosai 4:10 yasema Marko na Barnaba walikuwa jamaa, na Matendo 4:36 yasema Barnaba alikuwa mtu wa Kipro. Yaani alimpeleka kwao. Huo ndio ulezi wa kwanza, wa ukoo. Hapa mjini, mjomba amebaki ushago, ama yuko Githurai na wewe uko Kayole na mnaonana matanga tu. Kwa hivyo, kabla kamati haijampa kijana mlezi, iulize: watu wake wako wapi? Nauli ya kumleta mjomba mara moja kwa mwezi inaweza kufanya kazi kuliko semina. Na mlezi asichukue kiti cha mzazi. Ukimnunulia kijana viatu bila mama yake kujua, umemshusha mama huyo mbele ya mwanawe.

Sasa, najua kuna mama hapa ambaye mtoto wake ameimba kwaya tangu shule ya Jumapili, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaendeleaje. Atasema, kwani kijana wangu alipaswa kuiba ndio aonekane? Analo neno. Kwenye ule mfano wa Luka, baba aliacha wageni na karamu akatoka nje kumsihi kaka mkubwa. Hakumwambia nyamaza. Nasi tuna deni la kutoka nje hivyo hivyo, hata kama nafasi hizi 12 hazitakuwa za huyo wa kwaya.

Lililo zito zaidi ni la dada anayeuza mboga, ambaye simu yake iliibwa na mmoja wa hao tunaotaka kuwalea. Hapo kamati haina mamlaka. Hatuwezi kusamehe deni ambalo si letu. Paulo alipomrudisha Onesimo hakumwambia Filemoni asahau. Aliahidi kulilipa deni yeye mwenyewe. Pendekezo langu kwa wazee ni hili: mlezi aende na kijana hadi kibandani kwa yule dada, simu ilipwe kidogo kidogo kutoka kwa kibarua cha kijana, na akishindwa, mfuko wa vijana umalizie. Na dada asiitwe mbele Jumapili kumkumbatia mtu ili sisi tupige makofi. Akitaka kuhamia upande ule mwingine wa hema, ahamie, na asiulizwe.