"Sina cha Kupoteza"

Mwaka 1997 barua pepe moja ilizunguka dunia ikidai kwamba Bill Gates, tajiri wa Marekani, ataituza kila aliyeisambaza dola 1,000. Ulikuwa mzaha tu. Hakuna aliyelipwa. Bado watu waliituma kwa miaka, wakisema, "Hata kama si kweli, sina cha kupoteza."

Siku hizi inakuja kwa WhatsApp: tuma kwa watu kumi upate pesa, ukinyamaza, baraka itakupita. Nasi tunatuma, na maneno ni yale yale.

Kweli huna cha kupoteza? Mama anayeipokea hamjui Bill Gates. Anakujua wewe, mnaketi naye benchi moja kanisani. Ameamini kwa sababu imetoka kwako. Kutoka 20:16 inakataza ushuhuda wa uongo, wala haimpi ruhusa yule aliyeupokea kwa mwingine.

Siku utakapomletea Habari Njema, atajiuliza: hii nayo ameipima, ama ametuma tu?

Ndugu yangu, kabla hujabonyeza, jiulize: haya naweza kusimama nayo mbele ya kanisa kama ushuhuda wangu? Kama huwezi, futa.