Tumwabudu Wapi: Kanisani au Nyumbani?

Liko shauri moja linalogawanya nyumba nyingi za Wakatoliki, nalo huwa kali zaidi siku ya Jumapili. Tuchukue mfano wa mke na mume wanaokaa mtaa wa Jamhuri, hapa Nairobi. Asubuhi na mapema mama amekwisha kuwavalisha watoto, anataka kuwahi Misa katika kanisa la Mama Yetu wa Guadalupe, kule Adams Arcade. Baba bado amejifunika blanketi. "Nendeni tu," asema. "Mungu yuko kila mahali. Hata hapa ananisikia." Mama anamjibu kwa ukali, mlango unafungwa kwa kishindo, na watoto wanaelekea kanisani wakiwa wamenyamaza.

Katikati ya juma mambo hugeuka. Leo mama yuko jumuiya, kesho yuko kwaya, keshokutwa novena, na mwisho wa juma kuna mkesha. Sasa ni baba anayelalamika. "Huyu ameolewa na kanisa," awaambia rafiki zake. "Mimi ni mlinzi wa nyumba tu."

Ni nani aliye na haki? Baba amesema kweli: tulifundishwa tangu utoto kwamba Mungu yuko mahali pote. Mama naye amefanya vyema, kwa maana Misa ya Jumapili ni wajibu na ni zawadi. Tatizo liko mahali pengine. Kila mmoja ameshika ukweli wake kama ngao, ili mwenzake asimfikie.

Mazungumzo kisimani

Swali la mahali pa kumwabudu Mungu si geni. Katika Injili ya Yohane, sura ya nne, mwanamke Msamaria alimwuliza Bwana wetu jambo hilo hilo. Wasamaria waliabudu juu ya mlima wao, Wayahudi waliabudu Yerusalemu. Je, mahali pa haki ni wapi? Yesu akamjibu kwamba saa imefika ambapo waabuduo wa kweli hawatafungwa na mlima huu wala mji ule, bali watamwabudu Baba katika roho na kweli.

Jibu hilo tunalikumbuka wengi. Lakini hebu tujiulize: kabla ya hapo walikuwa wakizungumza nini? Walikuwa wakizungumza juu ya nyumba yake. Yesu alimwambia amwite mumewe. Akajibu kwamba hana mume. Bwana akamweleza wazi kwamba amekuwa na waume watano, na yule aliye naye sasa si mume wake. Ndipo mwanamke alipoleta habari ya mlima na hekalu.

Wengi wetu hufanya hivyo hivyo. Mazungumzo yanapogusa chumba chetu cha kulala, mshahara wetu au hasira zetu, tunakimbilia mambo ya dini. Yesu hakumkemea mwanamke yule. Alimjibu swali lake, lakini akalirudisha pale pale lilipotoka. Kuabudu katika kweli ni pamoja na kusema kweli juu ya nyumba yako. Mtu hawezi kuwa mwabuduo wa kweli mbele ya altare na mwongo mbele ya mke wake.

Altare mbili, Mungu mmoja

Tuelewe vizuri lakini. Kanisa halifundishi kwamba mahali pote ni sawa tu. Katika Ekaristi Kristo yupo kwa namna ya pekee kabisa, mwili na damu yake, na hakuna sala ya sebuleni inayoweza kushika nafasi ya Misa. Ndiyo sababu tunapiga goti mbele ya tabernakulo, na hatupigi goti mbele ya kabati la vyombo.

Lakini Kanisa hilo hilo linafundisha jambo jingine ambalo wanandoa wengi hulisahau. Katika sakramenti ya ndoa, wanaopeana sakramenti ni bwana arusi na bibi arusi wenyewe. Padre hupokea ahadi zao na kuwabariki kwa jina la Kanisa. Ahadi ile waliitamka kanisani kwa dakika chache. Kuitimiza kunafanyika nyumbani miaka yote iliyobaki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, uliita familia kanisa la nyumbani.

Sisi wa Nairobi tungepaswa kulijua hili kuliko wengi. Kongamano la Ekaristi la Kimataifa la 43 lilifanyika katika jiji letu mwezi wa Agosti 1985, na Papa Yohane Paulo II akalifunga katika Uhuru Park, uwanja ambao siku nyingine watu hupumzika na watoto hucheza. Mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Na kanisa kuu la jimbo letu, lile basilika lililo katikati ya jiji, limepewa jina la Familia Takatifu. Yesu aliishi Nazareti karibu miaka 30 kabla ya kuanza kuhubiri. Miaka hiyo ya kuchota maji, kuranda mbao na kula pamoja haikuwa ya kupoteza wakati. Mungu alikuwa nyumbani.

Milango ilipofungwa

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, makanisa yetu yalifungwa. Yalipofunguliwa tena mwezi wa Julai, ilikuwa kwa masharti: watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na watoto walio chini ya miaka 13 pamoja na wazee waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Hivyo bibi na mjukuu wake, watu wanaojaza viti vya mbele, ndio walioambiwa wangoje.

Siku zile zilipima kila nyumba. Walikuwako waliowasha mshumaa, wakasoma Injili, wakafuata Misa kwa redio au televisheni, na baba ambaye hajawahi kuongoza sala akajikuta anaanzisha rozari kwa sauti inayotetemeka. Walikuwako pia waliogundua kwamba kanisa likifungwa, hakuna sala yoyote iliyobaki. Imani ilikuwa imewekwa kule kanisani kama nguo za Jumapili kwenye sanduku. Jambo hilo linauma, lakini ni heri kulijua kuliko kutolijua.

Kwako wewe baba

Unasema Mungu yuko kila mahali. Ni kweli. Lakini wewe huko kila mahali. Mungu hahitaji mahali. Sisi ndio tunaopahitaji, kwa maana moyo usiopangiwa saa na mahali hutangatanga. Mume akimwambia mke wake, "Nakupenda popote nilipo," lakini hali naye na haketi naye, mke atamsadiki kwa muda gani? Na kama kweli Mungu yuko hapo kitandani, je, umemsalimu asubuhi ya leo? Anayedai kusali nyumbani na asali basi, watoto wamwone. Ukisali kweli nyumbani, utatamani kwenda kula mezani pake pamoja na ndugu zako.

Kwako wewe mama

Bidii yako inajenga parokia, na Mungu anaiona. Lakini chunguza moyo: je, ninakwenda kumtafuta Mungu, au ninakwepa mtu fulani nyumbani? Bwana alifundisha kwamba mtu akifika altareni na kukumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, aache sadaka yake, aende kwanza kupatana, kisha arudi kuitoa. Hakuna ndugu aliye karibu kuliko yule mnayelala chini ya mto mmoja. Kumpa mumeo jioni moja ya mazungumzo si kumwibia Mungu.

Neno moja hapa lisipotoshwe. Mama anayepigwa, na anayekimbilia kanisani kwa sababu nyumbani hakuna usalama, hakwepi wajibu wake. Asiambiwe arudi akavumilie tu. Jumuiya, paroko na ndugu wamsaidie kupata usalama kwanza. Na anayempiga ajue kwamba anainua mkono ndani ya kanisa.

Tuanzie wapi?

Tusianze na mambo makubwa. Chagueni mahali padogo nyumbani, hata kama ni chumba kimoja tu: msalaba ukutani na Biblia mezani. Chagueni saa moja ambayo televisheni inazimwa. Salini kwa ufupi, dakika tano tu. Kisha kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja la kumshukuru na jambo moja la kumwomba msamaha. "Mama watoto, jana nilikujibu vibaya." Maneno hayo, yakitoka moyoni, ni ibada. Jumapili nendeni kanisani pamoja, mkaipeleke altareni nyumba yenu jinsi ilivyo.

Kwa mazungumzo ya mke na mume

1. Ni jambo gani la nyumbani kwetu ambalo tumekuwa tukilificha nyuma ya maneno ya dini?

2. Watoto wetu wakiulizwa kama Mungu anakaa nyumbani kwao, watajibu nini?

3. Kanisa likifungwa tena kesho, ni sala gani itabaki katika nyumba yetu?

Mungu awajalie amani, kanisani na nyumbani.