Daftari la Urithi na Ukimya Wake

Katika nyanda za kati, pembezoni mwa Dodoma, wako wafugaji wanaokunywa maziwa tangu utotoni hadi uzeeni bila ya matumbo yao kuwaudhi. Kwao jambo hilo si fumbo. Lilikuwa fumbo kwa wataalamu. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walitambua badiliko la herufi moja ya vinasaba linalowawezesha Wazungu wengi kusaga sukari ya maziwa ukubwani. Kwa alama hiyo peke yake, mfugaji wa Kiafrika asiyekuwa nayo angeandikwa kuwa hawezi maziwa, ilhali kibuyu ki mkononi mwake. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza mabadiliko mengine matatu. Lile lililoenea zaidi Tanzania na Kenya lilikuwa umbali wa herufi 100 tu kutoka lile la Ulaya.

Basi ubora wa kanzidata ya tofauti za urithi hupimwa kwa nini? Aghalabu husifiwa kwa wingi wa tarakimu zake, kama mtu asifuye ghala kwa urefu wa paa. Usahihi wa kila herufi ni sharti, wala hapana abishaye. Walakini daftari laweza kuwa sahihi katika yote liliyoyaandika, likapotosha kwa yale lisiyoyaandika. "Haipo" na "haikutafutwa" ni kauli mbili. Ukurasa mtupu huzisema kwa sauti moja.

Hapo kosa la hesabu hugeuka dhuluma. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa wenye asili ya Afrika walioambiwa kuwa wamebeba badiliko la kuleta maradhi ya kurithi ya misuli ya moyo. Badiliko lenyewe halikuwa na madhara, tena lilikuwa la kawaida miongoni mwa watu weusi. Lilidhaniwa adimu kwa kuwa watu hao walikuwa wachache mno katika vikundi vya kulinganishia.

Yamkini mtunza daftari atajibu kwamba aliandika waliopatikana, na kwamba upungufu si uovu. Udhuru huo wakubalika siku ya kwanza tu. Mradi wa kimataifa wa Jenomu 1000, uliokamilika mwaka 2015 kwa watu 2,504, uliwakilisha Afrika Mashariki kwa Waluhya wa Webuye, Kenya, peke yao. Msandawe wa Chemba, ambaye hata lugha yake yenye sauti za kidoko si ya ukoo mmoja na Kiluhya, akitafutwa humo husomwa kwa kioo cha mwingine. Si kila mara atasomwa vibaya. Ila daktari amtibuye hana njia ya kujua ni lini, mpaka daftari liseme waziwazi, kando ya kila tarakimu, ni akina nani waliopimwa na ni akina nani ambao hawajaulizwa.