Unga Chini ya Mwembe

Maandiko: Yohana 15:1-6, Waebrania 12:15, Luka 13:6-9



Leo nataka tuongee juu ya mwembe. Usiseme pasta ameacha Neno ameingia kilimo. Vumilia kidogo, utaona tunakoelekea.

Nyumbani kwetu Machakos kuna mwembe uliopandwa na marehemu mama yangu. Tawi moja linaelekea upande wa jikoni, na hilo ndilo lilikuwa linazaa kuliko mengine yote. Mwaka jana tukaanza kuona unga chini yake, kama ule unaobaki fundi akimaliza kupasua mbao. Mke wangu anafagia asubuhi, kesho yake unga uko pale pale. Wapendwa, tulifagia miezi mitatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kuangalia unatoka wapi!

Mpaka majani ya tawi lile yalipoanza kunyauka ndipo nikashtuka. Nikaenda dukani nikanunua dawa, nikaazima pampu ya jirani. Nikiwa nimeibeba mgongoni, akaingia mzee mmoja wa kanisa letu, mtu aliyetunza miti ya matunda maisha yake yote. Akaniambia, "Pasta, weka hiyo pampu chini. Wewe unapigia majani dawa, na mwenye shida amekaa ndani ya mti."

Akanionyesha tundu dogo kwenye tawi. Akanieleza kwamba kuna mdudu anayetaga yai kwenye ganda la mti. Yai likianguliwa, anatoka funza, naye anaingia ndani na kula mti kwa miezi mingi, akisukuma unga nje. Dawa ya juu juu haimfikii. Lakini itafika kwa kuku wanaochakura pale chini, na kwa watoto wanaookota maembe. "Huyu dawa yake ni msumeno," akasema.

Jambo la kwanza: unga una habari, usiufagie tu.

Yule funza sikuwahi kumwona, nilichoona ni unga wake. Hata katika maisha iko hivyo. Hasira ndogo ndogo, neno la ukali jina fulani likitajwa, usingizi unaopotea: huo ni unga. Tunaufagia, tunavaa suti, tunakuja ibadani. Mpendwa, hebu inua macho uangalie unatoka tawi gani.

Jambo la pili: kata mpaka ufike mahali pasafi.

Nilipochukua msumeno nilikata karibu na lile tundu tu, maana nililihurumia tawi. Mzee akasema, "Angalia ulipokata." Katikati kulikuwa na shimo, linaingia kidole. "Rudi nyuma, kata tena." Nikakata, shimo bado liko. Mara ya tatu tulikuwa karibu na shina, na hapo ndipo mti ulionekana mweupe, hauna alama yoyote. Akasema, "Hapo sasa." Kumbe tundu la nje linaweza kuwa dogo, na njia ya ndani ni ndefu!

Nilitaka kuziweka zile kuni nyuma ya jikoni, tupikie Krismasi. Mzee akakataa kabisa. Akasema funza anaweza kumalizia kukua humo humo ndani ya kuni, atoke na mabawa, arudi kwenye mti ule ule. Tukazichoma siku hiyo hiyo. Ukikata jambo, usilihifadhi nyuma ya nyumba.

Sasa niwaambie kilichonipata usiku ule. Nilishindwa kulala, kwa sababu Roho Mtakatifu aliniuliza habari za ndugu yangu mdogo.

Mama alipougua, bili ya hospitali ilikuwa kubwa, na mimi niliona ndugu yangu ametoa kidogo. Siku ya mazishi nilimwambia maneno ambayo mchungaji hafai kuyasema. Tangu hapo ilikuwa meseji ya Krismasi tu, miaka mitatu. Na miaka hiyo yote nimesimama hapa madhabahuni nikihubiri msamaha! Nilikuwa nasema, "Mimi nilishamsamehe." Kumbe nilikuwa napigia majani dawa. Waebrania inatuonya kwamba uchungu una mizizi, na ukichipuka hauishii kwako, unachafua wengi. Watoto wangu walikuwa hawamjui baba yao mdogo.

Nikampigia simu. Hakushika. Nikapiga tena jioni, hakushika. Siku ya tatu akapiga mwenyewe. Nilitaka kusema, "Kama nilikukosea, nisamehe." Nikakumbuka tundu na msumeno. Hilo neno "kama" ni kukata karibu. Nikasema, "Nilikukosea siku ya mazishi ya mama, na nimekusengenya tangu siku ile." Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Mimi niliuza ng'ombe wangu wawili kwa ajili ya mama. Sikukuambia, kwa sababu hukuniuliza."

Wapendwa, nililia. Hatujarudi tulivyokuwa, nisiwadanganye. Lakini mwezi uliopita alikuja na watoto wake, tukakaa chini ya ule mwembe.

Jambo la tatu: kata tawi, usiue mti.

Msumeno una adabu yake. Mzee alinifundisha nianze kukata kidogo kutoka chini, ndipo nikate kutoka juu, ili tawi likianguka lisichune ganda la shina. Pale tawi linapotokea kwenye shina kuna uvimbe mdogo. Huo usiuguse, kwa maana hapo ndipo mti unaanzia kufunga jeraha lake. Usiache kisiki kirefu, nacho kitaoza. Na usikate kuingia shinani.

Nasema hivi kwa sababu kuna watu, wakiona funza kwa mwenzao, wanaleta shoka. Kijana ameanguka, tunamkata yeye mzima. Katika Luka 13 mwenye shamba alitaka mtini ukatwe, lakini mtunzaji aliomba upewe mwaka mmoja, aupalilie na kuuwekea mbolea. Na katika Yohana 15 mwenye kushika kisu ni Baba. Hata tawi linalozaa hulisafisha, ili lizidi kuzaa. Akikukata mahali, hajakuchoka. Bado anakutarajia matunda.

Wiki hii, mpendwa, fanya mambo mawili. Zunguka miti yako nyumbani, angalia chini kama kuna unga, na ukiuona utafute tundu lake. Halafu ingia chumbani, ufunge mlango, umwombe Mungu akuonyeshe tawi lako. Ukilijua, usingoje miezi mitatu kama mimi. Piga hiyo simu, rudisha hiyo pesa, sema huo ukweli. Na usiweke "kama."

Tuombe: Baba, wewe ndiwe mkulima. Tuonyeshe kinachotula ndani. Tupe ujasiri wa kukata mpaka pasafi, na upole wa kutouana. Funga majeraha yetu kwa wakati wako. Katika jina la Yesu, Amina.