KUNUNUA VIWANJA KATIKA MIJI INAYOINUKIA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyeifanya ardhi kuwa tandiko kwa viumbe wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Katika darasa yetu ya hapa Mikinduri tumeulizwa mara nyingi, na wafanya biashara, na waalimu, na vijana walioko kazini Nairobi na Arabuni, suala hili: Je, yajuzu Mwislamu kununua kiwanja au nyumba katika mji mdogo ambao bei yake bado ni nafuu, akakaa nacho mpaka mji ukue, kisha akauza kwa faida au akapangisha? Na wengine huongeza: Basi tununue wapi? Hapa hapa Mikinduri, au Maua, au Isiolo? Hili la pili si kazi ya sheikh kulijibu, lakini lina mambo ya dini ndani yake, na hayo ndiyo tutakayoyasema.

Ama asili ya jambo, ni halali. Wako waliodhani kuwa kuiweka ardhi ukingoja bei ipande ni ile ihtikari iliyokatazwa, yaani kuhodhi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameihusisha ihtikari na vyakula, kile ambacho watu hawaishi bila ya kukila. Ardhi haimo. Lakini na ijulikane kuwa kutokuwa haramu si sawa na kuwa jambo la kusifiwa. Mtu mmoja akivinunua viwanja vyote vinavyozunguka soko, akaviacha vikiota magugu miaka kumi, na mwenye mashine ya kusaga hana pa kuiweka, na watoto hawana pa kujengewa chuo, huyo hatumwambii kuwa ametenda haramu, wala hatumwiti mtu wa kheri.

Na itazameni sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Alipofika Madina, mji mpya kwake na kwa Muhajirina wote, moja katika mambo ya kwanza aliyoyafanya lilikuwa ni kununua kiwanja. Amepokea Bukhari katika habari za Hijra kuwa mahali pale palipojengwa msikiti palikuwa ni pa mayatima wawili, Sahl na Suhail, pakianikwa tende. Wakataka kumpa bure, naye akakataa kukipokea kama zawadi mpaka akakinunua kwao. Fikirini, ndugu zangu. Mtume wa Mwenyezi Mungu, na kiwanja ni cha msikiti, na wenyewe wameridhia kutoa, juu ya hayo hakuichukua mali ya mayatima bila ya thamani. Leo sisi twasikia kwamba mzee fulani amefariki, na kabla ya kumalizika siku tatu yuko mtu amekwisha kwenda kwa mtoto mkubwa na noti mfukoni, ampe sahihi. Wadogo wake hawajui, mama yao hajui, na mirathi haijagawanywa. Kununua namna hii ni kununua kwa asiyemiliki, na Mtume alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kile asichokuwa nacho. Na aliyechukua shibiri moja ya ardhi kwa dhuluma, imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Wala haisemwi katika Hadithi hiyo kuwa ardhi yenyewe iwe ya Mwislamu. Jirani yetu Mtigania asiyekuwa wa dini yetu haki yake ni ile ile.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo naliona ndilo kubwa, na ambalo madalali hawapendi kulisikia.

Mtume (S.A.W.) amekataza watu wa mjini kutoka kwenda kuwapokea njiani wenye kuleta bidhaa, wakanunua kwao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na katika riwaya ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni akaona kuwa amepunjwa, ana khiyari ya kuvunja biashara. Sababu yake ni wazi: mmoja ajua na mwengine hajui, na yule anayejua amekwenda mbio makusudi ili amwahi mwenziwe katika ujinga wake. Basi mnasemaje juu ya mtu aliyepata habari kutoka ofisini kwamba barabara itapita mahali fulani, au kwamba makao ya serikali yatajengwa pale, akapanda gari usiku kwenda kwa mjane mwenye ekari mbili za mahindi na maharagwe, akamwambia: "Mama, shamba lako hili halina maji, nitakusaidia kulinunua"? Mafakihi walizungumza juu ya misafara ya bidhaa, na sisemi kuwa wote wataingiza ardhi katika hukumu ile ile ya khiyari. Lakini illa ni moja, na mwenye khofu ya Mungu hangoji mpaka kadhi amlazimishe. Kujua soko kwa bidii yako ni halali. Kumdanganya mtu juu ya thamani ya kilicho chake ni khiana, na faida yake haina baraka hata ikijenga ghorofa.

Kadhalika ule uvumi unaotiwa sokoni. Twajua kuwa Machi mwaka 2012 ulizinduliwa huko Lamu ule mradi mkubwa wa bandari na njia za kwenda Sudani Kusini na Ethiopia, na Isiolo ikatajwa kuwa ni njia panda, na kwamba utajengwa huko mji wa watalii. Watu wakaingia mbio mbio. Barabara ya lami ya kwenda Moyale ilipatikana, na hiyo ni neema, lakini ule mji wa watalii miaka imepita na ungali katika karatasi. Na huko Konza, kusini ya Nairobi, serikali ilitangaza mji mpya wa elimu na ufundi katika ekari 5,000, na kisha ukanda wa kilomita 10 kuuzunguka ukawekewa masharti ya ujenzi, ikawa walionunua viwanja mle wameshika karatasi na hawawezi kusimamisha ukuta. Mwenye kuuza huku akizidisha habari asizokuwa na hakika nazo, au akaweka watu wa kujifanya wanunuzi ili bei ipande, amefanya najshi, nayo imekatazwa kwa jina lake.

Na ajabu zaidi ni Waislamu wanaokwenda kupigiwa ramli ili waambiwe ni mji gani utakaoinuka, na wakishanunua wafukia hirizi katika pembe nne za kiwanja. Kama mpiga ramli angejua ardhi itakayopanda bei, asingeketi chini ya mwembe akingoja shilingi mia mbili zako! Mtume ametufundisha istikhara, rakaa mbili na dua, kisha kushauriana na wenye kujua. Wenye kujua hapa ni mpima ardhi, na wakili, na karani wa daftari la ardhi, na wazee wa mahali.

Maana katika nchi yetu hii gharari ya ardhi si kidogo, na Mtume amekataza biashara ya gharari. Sehemu nyingi za Tigania na Igembe zilikaa muda mrefu katika upimaji chini ya sheria ya mwaka 1968, na mtu huuziwa namba tu, wala si hati. Namba hiyo yaweza kuwa na pingamizi kwa mpimaji, na baadaye rufaa kwa waziri, na muda wote huo huwezi kwenda mahakamani mpaka upewe ruhusa na mkuu wa upimaji. Tena shamba la kulima haliuziki kisheria mpaka ipatikane idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, nayo huombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila ya idhini hiyo mapatano ni batili mbele ya serikali, hata kama mmeshikana mikono na kusoma Fatiha. Na pasipo idhini ya mke katika nyumba ya ndoa, sheria ya mwaka 2012 haikukubali. Wako wasemao: "Sisi twaaminiana, karatasi za nini?" Hawa wamesahau kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni amri ya kuandika na kushuhudisha. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika, nasi twaona haya kumwambia ami yetu atie sahihi.

Ama mwenye kukopa kwa riba ili anunue, hukumu yake yajulikana na sina haja ya kuirefusha. Tangu mwaka 2008 ziko benki nchini zinazouza kwa murabaha. Na asome mkataba wao vile vile, asitosheke na jina la Kiarabu lililo juu ya mlango.

Bado zaka, na hapa wengi wamelala. Kiwanja ulichokinunua ukakae hakina zaka. Nyumba ya kupangisha haina zaka katika nafsi yake, ila katika kodi itakayobaki mkononi ikatimiza nisabu na mwaka. Lakini kiwanja ulichokinunua kwa nia ya kukiuza ni mali ya biashara, na kila mwaka hukadiriwa thamani yake ya siku hiyo, ikatolewa robo ya fungu la kumi. Umenunua kwa shilingi 300,000, na mwaka umetimia kinauzwa 400,000: zaka yako ni 10,000, wala si 7,500. Mtu ataniambia: "Sheikh, fedha sina, nina ardhi tu." Imam Malik anayo kauli kuwa mwenye kuweka mali akingojea soko hutoa mara moja anapouza, zaka ya mwaka mmoja. Madhehebu yetu si hivyo, na aliye na uwezo asiikimbilie kauli hiyo kwa ajili ya kuyakimbia maskini. Na anayevitangaza viwanja vyake kila Ijumaa nje ya msikiti kuwa ni vya kuuza, kisha ikifika Ramadhani akasema ameviweka kwa ajili ya watoto, huyo anajua mwenyewe nia yake ni ipi.

Neno moja kwa jamaa wa Mikinduri khasa. Babu zetu waliofuata biashara na kazi za serikali katika miji ya bara walijenga katika vile vijiji viitwavyo Majengo na Mjini, na wengi wao hawakupewa ardhi, walipewa ruhusa ya kukaa. Wanubi wa Kibra walikaa zaidi ya miaka mia moja mpaka mwaka 2017 ndipo walipopewa hati ya ekari 288. Leo ardhi hapa bado ingali katika uwezo wa jamaa wachache wakichangishana. Fedha zinazotumika katika arusi mbili na khitima tatu zatosha malipo ya mwanzo ya kiwanja cha chuo. Na kikinunuliwa kiandikwe wakfu kwa jina la wadhamini, kisiandikwe kwa jina la mtu mmoja hata akiwa ni mimi, maana mtu hufa, na warithi hawana lawama wakidai kilichoandikwa jina la baba yao.

Ndugu mmoja ameuliza juu ya kununua kiwanja kwa fedha za miraa. Suala hilo ni refu na wanavyuoni wamekhitalifiana katika asili yake, basi tumeliweka kwa toleo lijalo, inshallah. Wenye hoja za upande wowote na watuletee kwa maandishi kabla ya darasa ya Alkhamisi.

Wabillahi ttawfiq.