Kiti cha Dereva

Joginder Singh alizaliwa hapa Kericho mwaka 1932. Mjomba wangu husimulia habari zake utadhani walisoma darasa moja. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544, gari lenye mgongo wa kobe na injini ya lita 1.8, ambalo likitoka kiwandani halikufikisha nguvu za farasi 100. Mjomba akimaliza hadithi huongeza: "Hizi za siku hizi zinajiendesha zenyewe."

Hapo ndipo tunaanza kubishana. Toyota GR Yaris Rally1 ilishinda Safari mwaka 2022, tena Toyota ikabeba nafasi zote nne za kwanza. Injini yake ni ndogo kuliko ya ile Volvo, lita 1.6 tu, lakini ukijumlisha turbo na mota ya umeme, mwaka huo ilikuwa inapita farasi 500. Kujiendesha? Wapi! Kalle Rovanperä alikuwa ndani ya vumbi la Naivasha, mikono kwenye usukani, sikio kwa msaidizi wake. Gari bora lilimpa kazi ngumu zaidi, kwa kasi zaidi.

Kwa hivyo mimi siamini kwamba ugumu wa zamani ulikuwa na utukufu wake. Mama alichuma chai miaka mingi. Majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni, mvua ya Kericho ikimkuta katikati ya shamba kila alasiri. Kuna asubuhi vidole vilikataa kukunjika hata kushika kikombe. Anayesifia chai ya kuchumwa kwa mkono, mara nyingi mkono huo si wake.

Lakini mashine zilipofika kwenye shamba alilofanyia kazi, Mama hakupewa mashine. Alipewa barua. Mimi nikaacha chuo muhula uliofuata, kwa sababu karo ilikuwa inatoka kwenye vidole vile vile.

Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto huku kwetu. Kuna waliotucheka mtandaoni, eti tunaogopa maendeleo. Sikufurahia ule moto. Ila nauliza: kwenye rally, gari likibadilika dereva anabaki kwenye kiti. Kwenye chai, gari jipya lilikuja na dereva akashushwa kando ya barabara. Basi swali la haki si kama mashine ni ya zamani au ya kisasa. Swali ni nani anabaki kwenye kiti, na nani anagawana ule muda na pesa zilizookolewa.

Juzi nilimuuliza, "Mjomba, Joginder angeletewa Yaris, angeikataa?"

Akacheka. "Angeikataa vipi, na alikuwa anataka kushinda?"

Mama alikuwa anamenya viazi, polepole, kwa vile vidole vyake. Akasema bila kuinua macho, "Hata mimi nisingeikataa. Lakini ni nani aliniuliza?"