Siri ya Kifua

Katika lugha yetu, mtu akisifiwa kwamba ana kifua, hasifiwi nguvu za mwili. Asifiwa kwamba aambiwapo neno halimtoki, na apatwapo na jambo haliandikwi usoni pake. Asiye na kifua huogopwa kama mtungi wenye ufa, maana kila kitiwacho humo huvuja njiani. Sifa hii ni ya kale na ni njema. Bila ya watu wenye vifua nyumba isingalisimama, wala baraza lisingaliamua neno.

Lakini kifua ni chumba, na kila chumba kina kipimo chake. Swali tunalotaka kulitazama katika makala hii ni hili: mtu aliyefikwa na msiba, hofu au dhuluma, akanyamaza kwa heshima ya nyumba yake, je, amestahimili, au amejidhulumu pamoja na hao anaodhani kwamba anawasitiri? Ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la hospitali, na halina budi kuulizwa na kila mzazi na kila mwalimu.

Wahenga wametuachia maneno ya pande mbili. Upande mmoja walisema kuwa mvumilivu hula mbivu, na kuwa subira huvuta heri. Upande wa pili walisema kuwa mficha uchi hazai, na kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu wa haraka atadhani kwamba wazee wetu walijipinga wenyewe. La, hawakujipinga. Walijua kwamba kuna jambo la kusubiriwa na kuna jambo la kusemwa, wakatuachia sisi kazi ya kupambanua.

Kazi hiyo sisi tuliishindwa nyumbani kwetu, na kwa kuwa si haki kuwafundisha wengine tukaficha letu, tutalisema. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukitumika katika ofisi ya wilaya, tulifiwa na mwana wetu wa kwanza, msichana wa miaka tisa, kwa homa ya siku nne. Baada ya matanga tulirejea kazini, tukakaa mezani kama kwamba hapana lililotokea. Watu walitusifu. Walisema kwamba huyu ndiye mwanamume, ana kifua. Nasi tangu ujana tu watunzi wa mashairi, na majirani walikuwa na desturi ya kutujia tuwatungie tanzia za wafu wao. Mwaka ule tulitunga nyingi, na waliozisikia walilia. Nyumbani kwetu, hata hivyo, jina la mtoto halikutajwa. Picha yake ilitiwa sandukuni, na nguo zake ziligawiwa. Mdogo wake, mvulana wa miaka sita, alipouliza dada atarudi lini, tulimwambia aache kuuliza mambo ya wakubwa.

Aliacha kuuliza. Aliacha na kucheza pia. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, nasi tukamchapa. Shuleni alisinzia, na mwalimu wake akamchapa kwa hilo. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla hatujajua kisa chake. Siku moja, yeye mwenyewe akiwa baba, alituambia kwamba utoto wake wote aliamini kuwa ndiye aliyemwua dada yake. Walikuwa wamegombania kikombe jioni moja, naye kwa hasira alimwombea afe, na kesho yake homa ikaingia. Neno moja la mzazi lingalitosha kumtua mzigo ule. Neno hilo tulikuwa nalo kifuani, tumelifungia humo kwa jina la ushujaa.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, wangalisema kwamba kisa hiki si cha ajabu. Mtoto mdogo hajatenga vyema kati ya kuwaza jambo na kulitenda. Mahali ambapo wakubwa hawampi maelezo, hujitungia yake, na aghalabu katika maelezo hayo mkosaji huwa ni yeye.

Elimu hii ina mizizi Afrika Mashariki kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1954 na 1955, mtaalamu aitwaye Mary Ainsworth aliishi Uganda, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye mama anayemtumaini humwacha akatambaa kwenda mbali kutazama vitu, kisha hugeuka kumtazama mama, au hurudi kidogo, kisha huenda tena. Mama ni kama bandari ambayo chombo hutoka kwenda kuvua kwa kuwa kina mahali pa kurejea. Hapa pana fundisho kwa wale wanaodhani kwamba kumsikiliza mtoto ni kumdekeza. Mtoto mwenye pa kurejea ndiye aendaye mbali. Asiye napo hung'ang'ania, au hujifanya hahitaji mtu.

Wala mambo haya hayaishii moyoni. Mtu akihofu, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana: moyo hudunda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza. Maandalizi hayo ni neema mtu akutanapo na nyoka, kwani nyoka huenda zake na mwili ukatulia. Lakini hofu iliyofungiwa ndani ya nyumba haiendi zake. Mtu hulala nayo na kuamka nayo, na huo ndio tunaouita msongo wa mawazo. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wa watu wazima zaidi ya 9,000 ulioonyesha kwamba kadiri mtu alivyopatwa na mateso na vurugu nyingi za nyumbani katika utoto wake, ndivyo alivyoelekea zaidi kupata ulevi, sonona na hata maradhi ya moyo ukubwani. Si kwamba kila aliyeteswa lazima augue, maana wengi hupona na kuishi vyema. Lakini kusema kwamba mtoto husahau ni kujidanganya.

Wako watakaotujibu kwamba kusema machungu hadharani ni mila ya kigeni, na kwamba Mwafrika hunyamaza. Tunawaomba wakumbuke vizuri zaidi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mfiwa haachwi peke yake. Wenzake huketi naye mkekani, na kila ajapo mgeni mkono wa pole hufuatwa na swali: ilikuwaje? Mfiwa husimulia upya namna ugonjwa ulivyoanza, usiku ulivyokuwa, neno la mwisho lilivyosemwa. Kufikia siku ya tatu amekwisha kuisimulia habari ile mara nyingi, na kila mara imempungukia uzito kidogo. Watani nao huja wakaigiza mwendo wa marehemu na sauti yake, hata mfiwa akacheka katikati ya machozi. Mwali alikuwa na somo yake wa kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Mjukuu alikuwa na babu wa kutaniana naye, akamtolea katika mzaha ule aliyokuwa akiyaogopa kwa baba. Hivi vyote vilikuwa milango ya kifua iliyotengenezwa na utamaduni wetu wenyewe. Mila haikutuamuru tunyamaze. Ilituamuru tuseme mahali pake na kwa mtu wake. Sisi ndio tuliohamia mbali na somo na babu, tukachukua ukimya peke yake tukauita mila.

Yaliyofanywa mjini Harare, nchini Zimbabwe, yanathibitisha jambo hili. Daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi 14 wa mtaani kazi ya kuwasikiliza watu waliolemewa, wakiketi nao juu ya benchi katika uwanja wa zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo halina tofauti kubwa na usemi wetu kwamba fulani ana mawazo. Bibi hamwamrishi mgeni wake. Humsaidia kuyafungua mashaka yake kama afunguavyo mzigo wa kuni, wakachagua ukuni mmoja, wakatafuta la kuufanyia. Uchunguzi wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopata msaada wa benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao ni bibi zetu, na hilo ni baraza letu, isipokuwa kwamba limepewa utaratibu.

Karibu zaidi na kwetu, watafiti walishughulika na watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika maeneo ya Moshi hapa Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020. Waliowaongoza watoto hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Mtoto alifundishwa kwanza kuutuliza mwili, kisha kuzitaja hisia zake kwa majina, kisha kuisimulia habari ya kifo. Na mlezi naye alifundishwa kusikiliza. Mafunzo yalipomalizika, katika sehemu tatu kati ya nne watoto hao walikuwa wamepungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Katika sehemu ya nne, vijijini Moshi, tofauti hiyo haikuonekana. Tunayataja yote mawili kwa kuwa ukweli hauchambuliwi kama mchele, tukabakiza tuupendao. Kusema husaidia, lakini si dawa pekee, wala haifanyi kazi sawa kila mahali.

Hapa yatupasa tahadhari. Pana watu ambao, wakisikia kwamba kusema ni dawa, humwendea aliyefikwa na jambo wakamkamua kama ndimu. Hilo nalo lilipata kujaribiwa katika nchi za ng'ambo: watu waliotoka katika ajali na mashambulio waliketishwa mara moja tu, upesi baada ya tukio, wasimulie yote. Uchunguzi ulipokusanywa ulionyesha kwamba jambo hilo halikuwakinga na kiwewe, na huenda baadhi yao liliwaumiza. Basi kifua cha mtu hakivunjwi mlango. Mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Wajibu wetu ni kuketi karibu, ili siku atakapoamua kufungua akute mtu barazani.

Sasa tulirudie swali letu. Ni siri ipi ya kutunza na ipi ya kutoa? Twaona kwamba kipimo chake ni swali moja: siri hii yamsitiri nani? Mke afichaye umaskini wa nyumba ili mumewe asidharauliwe, amesitiri. Rafiki afichaye udhaifu alioambiwa kwa amana, amesitiri. Hao ndio wenye kifua. Lakini binti anayeguswa vibaya na jamaa akaambiwa anyamaze ili ukoo usiaibike, hakusitiriwa yeye. Amesitiriwa mtesi wake, naye amefanywa pazia. Siri imlindayo mnyonge ni sitara. Siri imlindayo mwenye nguvu dhidi ya mnyonge ni dhuluma iliyovikwa kanzu. Taifa letu limeliona hilo, ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilimpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa ajuapo kwamba haki ya mtoto inavunjwa. Mbele ya wajibu huo, kunyamaza si kifua.

Walimu tunawaomba neno moja. Mtoto mchangamfu akigeuka ghafula kuwa mtoro, mgomvi au msinziaji, aulizwe kabla ya kuadhibiwa, tena faraghani, kwa sauti ya chini, na jibu lake lisubiriwe. Huenda asijibu siku hiyo. Asiahidiwe kwamba kila atakalosema litafichwa, maana liko ambalo haliwezi kufichwa bila kumdhuru. Aahidiwe tu kwamba hataachwa peke yake, na ahadi hiyo itimizwe. Wanafunzi nanyi, mwenzenu akitibiwa maradhi ya akili msimfanyie jina la hospitali kuwa tusi. Anayekwenda kutibiwa mguu hachekwi, na akili ni kiungo bora kuliko mguu.

Wahenga walisema: funika kombe mwanaharamu apite. Tumelishika sana neno la kwanza, funika, tukalisahau la mwisho. Walisema apite. Hawakusema kombe lifunikwe milele, kwani walijua kwamba chakula kilichofunikwa usiku kucha na mchana kutwa huchacha, na wenye kukila ni watoto wa nyumba ile ile. Mpita njia akisha kwenda zake, kombe hufunuliwa na watu wakala pamoja.

Picha ya binti yetu sasa imetundikwa ukutani, sebuleni. Aliyeitundika ni mdogo wake, na wanawe hutuuliza shangazi yao alikuwa mtu wa namna gani. Tunawaambia. Mara nyingine sauti hutukatika, wala hatuoni tena haya mbele yao. Tulidhani kwamba kifua chetu kilikuwa kikubwa kwa sababu kiliweza kufunga. Tumejifunza kwa kuchelewa kwamba ukubwa wa kifua hujulikana pia kwa namna kinavyofungua, na tunawaandikia wenye umri mdogo ili wao wasichelewe.